Mbiu ya Kazi Haina Budi Isikike Hadi Visiwani

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndivyo walivyosema wahenga, na methali hiyo ina sharti moja ambalo aghalabu halitamkwi, nalo ni kwamba mbiu yenyewe isikike na watu wote. Baragumu likipulizwa chumbani, likasikiwa na wenye chumba peke yao, hiyo si mbiu tena bali ni mnong'ono.

Katika nchi ambayo wanaotafuta kazi ni wengi kuliko kazi zilizopo, tangazo la nafasi ya kazi ni mbiu ya umma. Si hisani ya mwajiri, wala si siri ya ofisi. Kwa hiyo mabadiliko makubwa yaliyotokea katika vyombo vya habari na katika biashara ya matangazo hayapaswi kutazamwa kama mambo ya wenye magazeti na redio tu. Mabadiliko hayo yamegusa swali zito zaidi, yaani ni nani anayesikia habari ya kazi, na ni nani anayeisikia muda wake ukiwa umekwisha pita.

Mkoa wa Mwanza ni mahali pafaapo kulitazamia swali hilo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 mkoa huu ulikuwa na watu 3,699,872, na ulikuwa wa pili kwa wingi wa watu nchini baada ya Dar es Salaam. Una jiji lenye vyuo, viwanda, bandari na vituo vya redio. Papo hapo una wilaya nzima ya Ukerewe, ambayo ni visiwa, na una mialo mingi ya wavuvi ambako mtu huwaona watumishi wa ofisi za mkoa kwa nadra sana. Jambo likifika sawasawa Makoroboi na Ukara, basi limefika Tanzania.

ZAMANI: UBAO, GAZETI NA REDIO MOJA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waajiri wakubwa walikuwa Serikali, mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mwanza ilikuwa na ushirika wa Nyanza na vinu vyake vya kuchambulia pamba, ilikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, ilikuwa na reli na meli. Kijana aliyemaliza chuo kikuu hakuhangaika kutafuta tangazo, kwani Serikali ndiyo iliyompangia kituo cha kazi. Kwa kazi nyingine, habari ilipatikana kwenye ubao wa matangazo, kwenye lango la kiwanda, magazetini, na katika Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sauti yake ilifika kila kijiji chenye redio ya betri.

Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi ni kwamba nyakati zile Taifa halikuridhika na kuandika tangazo tu, bali lilimwandaa msomaji wake. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100, 67 hivi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 ulianza katika mikoa ya ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na shirika la UNESCO, na makao yake yakawa Mwanza. Katika miaka ya 1970 likazaliwa hapa hapa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lililokusudiwa watu waliotoka karibuni katika madarasa ya kisomo, ili wasije wakasahau herufi walizojifunza. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Mtihani wa mwaka 1975 ulipofanywa, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi 39 katika kila 100.

Haifai hata hivyo kuzisifu zama hizo kupita kiasi. Gazeti lilichapwa Dar es Salaam, na hadi lifike Nansio habari zake zilikuwa zimekwisha poa. Karatasi iliyobandikwa ubaoni iliweza kubanduliwa usiku na mtu aliyemtakia nduguye nafasi ile. Barua ya maombi iliweza kupotea njiani, au kupotezwa kwa makusudi mezani. Kujuana kulikuwako, na redio ilikuwa moja. Wema wa zama zile haukuwa katika ubao wala katika karatasi. Ulikuwa katika nia ya kumfikishia habari hata yule aliye mbali kabisa, na katika juhudi ya kumpa uwezo wa kuitumia.

MILANGO ILIPOFUNGULIWA

Mwaka 1993 Bunge lilitunga sheria ya utangazaji iliyoruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Mwaka 1994 zikaanza Radio One na ITV mjini Dar es Salaam. Mwanza haikukawia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 ilianza Radio Free Africa, na baadaye Star TV, vyombo vilivyotangaza kutoka ufukweni mwa ziwa na kusikika mbali nje ya mkoa. Chuo cha Nyegezi, kilichokuwa kikifundisha uandishi wa habari kwa miaka mingi, kilikua na kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Kwa mara ya kwanza kijana wa Magu au Sengerema aliweza kusoma uandishi wa habari Mwanza, akaajiriwa Mwanza, na kutangaza habari za Mwanza kwa watu wa nchi nzima.

Kilichoviwezesha vyombo hivyo kuishi ni matangazo ya biashara. Kampuni za vinywaji, za sabuni, za mabati na za simu zililipia dakika za redio, na fedha hizo zililipa mshahara wa mtangazaji studioni na posho ya mwandishi aliyeko wilayani. Methali ya kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza ilipoteza nguvu, maana hata chema kililazimika kujitembeza. Pamoja na matangazo hayo yalisomwa matangazo ya vifo, ya mali zilizopotea, ya minada, na ya kazi. Mwenye duka aliyelipia tangazo la mabati alikuwa, pasipo kujua, akimlipia jirani yake habari ya nafasi ya udereva.

Mpango huo sasa umetikisika. Simu za mkononi zilienea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2008 ikaanza M-Pesa. Kampuni za simu zilipaka rangi zao kwenye vibanda na kuta za maduka hadi vijijini, na ukuta ukawa gazeti. Kisha mwaka 2013 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Mwanza ili kupisha mfumo wa dijitali, na kila nyumba iliyotaka kutazama ikahitaji king'amuzi. Halafu simu zenyewe zikawa redio, televisheni, gazeti na ubao wa matangazo kwa pamoja. Leo mwenye duka la mabati anaweza kuwalipa wenye Facebook, Instagram au Google, na tangazo lake likawafikia wateja wa Igoma na Buzuruga kwa gharama ndogo.

Hakuna awezaye kumlaumu mfanyabiashara huyo, kwa sababu anafuata soko lilipo. Lakini ni lazima ifahamike kwamba fedha yake haipiti tena katika chumba cha habari cha Mwanza. Inavuka bahari. Tangu mwaka 2022 Serikali imetoza kodi ya asilimia 2 ya mapato ya kampuni za nje zinazotoa huduma kwa njia ya dijitali nchini, na hiyo ni hatua ya haki. Hata hivyo, kodi hiyo huingia katika hazina ya Taifa, wala haimrudishi wilayani mwandishi aliyekosa posho.

KAZI ZILIZOKUJA NA KAZI ZILIZOKWENDA

Mtu mwadilifu hatasema kwamba mabadiliko haya yameleta hasara tupu. Wakala wa fedha za simu yuko kila kona, kuanzia stendi ya Nyegezi hadi mwaloni Kirumba. Mafundi simu, wapiga picha za video, wachora matangazo kwa kompyuta na wenye televisheni za mtandaoni wamepata riziki ambayo baba zao hawakuijua. Mvuvi wa sangara anaweza kuuliza bei kwa simu kabla hajafika mwaloni, na hivyo hadanganywi kwa urahisi na mchuuzi. Kazi hizi ni kazi halali.

Lakini nyingi kati yake hazina mkataba, hazina akiba ya uzeeni, wala hazina likizo ya ugonjwa. Wakala hulipwa kamisheni, na mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa kila habari iliyotumika, pengine baada ya miezi. Waliotaka kujiajiri kwa kutangaza mtandaoni walikutana na kanuni za maudhui za mwaka 2018, zilizodai leseni na ada ambayo kwa kijana anayeanza haikuwa ndogo. Na vyombo vinavyopungukiwa matangazo ya biashara ya kawaida vimeyapokea kwa wingi matangazo ya michezo ya kubahatisha. Hivyo kijana aliyefungua redio kutafuta habari ya kazi husikia akiahidiwa utajiri bila kazi. Hapo mtu ana haki ya kuuliza ni elimu gani inayotolewa kwa Taifa.

Upo pia upotevu usioonekana. Mwandishi hodari aliyekuwa akifuatilia bei ya pamba, ubovu wa kivuko au ubadhirifu wa mradi wa maji hawezi kuishi kwa sifa. Akipata nafasi ya uofisa habari katika halmashauri, huichukua, na mwenye akili hatamlaumu. Kazi yake mpya ni ya heshima na ya lazima. Walakini anayeeleza mafanikio ya ofisi hawezi wakati huo huo kuwa anayeihoji ofisi hiyo. Wilaya ikiwa na waelezaji wengi na wahoji wachache, kiongozi mwenyewe ndiye wa kwanza kudhurika, kwa kuwa habari ya kasoro humfikia wakati zimekwisha kuwa maafa.

MLANGO MMOJA, FOLENI NDEFU

Katika utumishi wa umma mabadiliko yamekuwa makubwa kuliko kwingineko. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilipoanzishwa, nafasi nyingi zilizokuwa zikijazwa na kila ofisi kwa njia yake ziliwekwa chini ya chombo kimoja. Leo matangazo yake hutolewa mtandaoni, na maombi hupokelewa huko huko. Mwombaji hufungua akaunti, huweka namba ya kitambulisho cha Taifa, hupandisha vyeti na barua iliyotiwa saini, kisha husubiri.

Faida za utaratibu huu ni bayana. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Wengine walisafiri kutoka mikoa ya mbali kwa nauli ya kukopa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walikuwa 135,027, yaani takriban watu 85 kwa kila nafasi moja, lakini usaili ulifanyika katika mikoa mbalimbali. Barua haipotei tena mezani kirahisi, na mjomba aliye ofisini hawezi kuibandua karatasi iliyo mtandaoni. Anayetaka utaratibu wa zamani urudi kama ulivyokuwa hatendi haki.

Hata hivyo, mlango mmoja ukiwa na kizingiti kirefu huwazuia wafupi. Na achukuliwe kwa mfano kijana mwenye stashahada ya ualimu anayeishi Ukara, akiwasaidia wazazi wake kuanika dagaa. Simu aliyo nayo ni ya kubonyeza, isiyofungua mtandao. Tangazo linapotoka, hupewa siku chache, mara nyingi majuma mawili. Habari humfikia siku ya tisa, kwa mdomo wa abiria aliyetoka mjini. Hana budi apande chombo hadi kisiwa kikubwa, afike Nansio, atafute duka la steshenari lenye kompyuta na umeme, alipe kuskani vyeti, alipe kufungua barua pepe, alipe kujaziwa fomu. Mwenye steshenari, ambaye hakuajiriwa na Serikali wala hakuapishwa, ndiye anayeiweka nywila na ndiye anayeikumbuka. Kosa moja la herufi katika jina, likitofautiana na lile la kitambulisho, hugharimu safari ya pili. Siku ya kumi na nne ikipita, sheria haijavunjwa wala hakuna aliyependelewa, lakini kijana huyo hakushindana na mwenziwe wa Capri Point kwa haki.

Palipo na kiu ya habari, hapakosi muuza maji machafu. Matangazo ya uongo ya kazi huzagaa katika makundi ya WhatsApp, yakiwa na nembo za taasisi za kweli na namba ya kutumia fedha za "usajili" au za "fomu". Anayetapeliwa zaidi ni yule aliye mbali na chanzo cha habari, ambaye hana mahali pa kuulizia. Ubao wa ofisi ya kata, pamoja na udhaifu wake wote, ulikuwa na sifa moja: mtu aliweza kumwona aliyebandika karatasi.

YAPASAYO KUTENDWA

Dawa ya maradhi haya si kuuchukia mtandao. Ni kurejesha ile nia ya miaka ya kisomo na kuitia katika vyombo vya leo. Mambo matano yanawezekana bila kusubiri wafadhili.

Kwanza, kila tangazo la kazi linalotolewa mtandaoni na chombo cha umma lichapwe na kubandikwa, siku hiyo hiyo, katika ofisi za kata, shule, zahanati, vituo vya vivuko na mialo mikubwa. Tangazo hupelekwa kwa simu kwa dakika moja, na karatasi moja haiifilisi halmashauri. Mtendaji wa kata aandike tarehe aliyolibandika, ili ijulikane nani aliyechelewa.

Pili, redio za kanda zisome kila juma muhtasari wa nafasi zilizo wazi pamoja na siku ya mwisho ya maombi, na halmashauri zilipie dakika hizo kama zinavyolipia mafuta ya magari. Fedha hiyo ingefanya kazi mara mbili, kwani ingemfikishia habari mtafuta kazi na ingekisaidia chumba cha habari kilichopungukiwa. Lakini malipo yawe ya wakati, na yasifungwe kwenye sharti lolote juu ya habari zinazoandikwa. Tangazo ni malipo ya nafasi hewani, si bei ya kunyamaza.

Tatu, siku za maombi zihesabiwe kwa kumfikiria aliye kisiwani, si aliye jirani na mtambo. Juma moja la nyongeza halimdhuru mwajiri ambaye mwenyewe atachukua miezi kupitia maombi hayo.

Nne, kompyuta zilizoko katika shule za sekondari na katika maktaba ya mkoa zifunguliwe kwa waombaji saa za jioni na siku za Jumamosi, chini ya mwalimu au mtumishi aliyefundishwa kazi hiyo na kulipwa posho yake. Walimu waliofundisha watu wazima kusoma katika miaka ya 1970 hawakuwa na vifaa bora kuliko hivi. Vijana wa kidato cha nne wafundishwe kusoma tangazo la kazi, kuandika barua ya maombi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kulinda nywila zao.

Tano, kila tangazo la umma liandikwe kwa herufi zisizofichika kwamba kuomba kazi hakulipiwi, na litaje mahali pa kuthibitisha. Mtendaji wa kata na mwalimu mkuu wapewe njia ya kuuliza na kujibiwa siku hiyo hiyo, ili mwananchi anayeshuku awe na mtu wa kumwendea mwenye uso na jina.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote hayaongezi hata nafasi moja ya kazi. Ni kweli. Waombaji 85 wakigombea nafasi moja, 84 watarudi nyumbani, hata kama mbiu imesikika hadi Ukara. Kazi zenyewe zitatokana na kilimo, uvuvi na viwanda, wala si kutokana na ubao. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya anayeshindwa baada ya kushindana na anayeshindwa kwa kutojua kwamba mashindano yalikuwapo. Wa kwanza hujipanga upya na kuendelea kuiamini nchi yake. Wa pili huanza kuamini kwamba kazi ni za wenye wenyewe, na imani hiyo ikishajengeka katika vijana wa wilaya nzima, hakuna hotuba itakayoing'oa.

Watumishi na walimu ndio walioko karibu na jambo hili kuliko wengine wote. Aliyeko ofisini leo aliwahi kusikia mbiu, kwa ubao, kwa gazeti, kwa redio au kwa mtandao, na kwa kuisikia akapata kalamu aliyo nayo. Deni lake ni kuhakikisha kwamba tangazo lililoko mezani kwake asubuhi halilali hapo hadi jioni, wakati kivuko cha kwenda visiwani kinaondoka bila kulichukua.